Mama Régis na Koo la Msemaji

Kuna watu wakikutana nawe njiani wanakutazama usoni, wengine wanaanzia kwenye viatu. Mama Régis anakutazama shingo. Tumekuwa majirani hapa Nyamirambo kwa miaka kumi na tisa, nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu, na sidhani kama anajua nina macho ya namna gani. Lakini muulize kidevu changu kimekaaje, atakuchorea. Siku ya kwanza nilipomkaribisha nyumbani, kabla hata hajakaa, aliniambia nifungue mdomo nitoe ulimi. Nilidhani ni utani wa Bujumbura, maana sote wawili tumekulia kule, basi nikautoa. Akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, wewe si mbaya sana," kisha akakaa na kuomba chai.

Jina lake hasa ni Joselyne Ndihokubwayo. Kazi yake ni kuwalaza watu usingizi kabla ya kupasuliwa, katika hospitali moja ya hapa Kigali ambayo siitaji kwa sababu wakubwa wake hawapendi maneno. Si daktari, na ukimwita daktari anakusahihisha mbele za watu. Anasema yeye ni fundi wa usingizi, basi. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na mtaani wanamtania kwamba anashindana na mahubiri ya padri wetu, ila wa kwake huwa wanaamka wote. Utani huo haupendi. Nilichelewa kujua kwa nini.

Mimi naitwa Cyriaque, na kazi yangu ni kusema. Kwa wasomaji wa mbali inabidi nieleze. Kwetu kijana akitaka kuoa, familia yake haiendi kimyakimya kuomba mke. Kuna siku maalumu ya kuomba, tunaiita gusaba. Ukoo mmoja unakaa upande huu, mwingine upande ule, na kila upande una msemaji wake. Wasemaji hao wanapambana kwa maneno saa mbili nzima. Wanakataana, wanachekeshana, wanatajiana mababu, wanasingizia kwamba binti hayupo, mpaka mwisho binti anatolewa na watu wanakula. Mimi ni msemaji wa aina hiyo. Naweka shuka begani, nashika fimbo, na Jumamosi zote za kiangazi sishindi nyumbani.

Basi mtu kama mimi akiota kitu shingoni, anafanyaje? Anavaa skafu. Rovu langu lilianza dogo, nikanunua skafu. Likakua, nikanunua skafu pana zaidi. Mama Régis alikuwa ananiona kwenye sherehe, anaketi nyuma na sahani yake, hali, ananitazama tu. Siku moja alinifuata hadi nje.

"Muzee Cyriaque, toa ile skafu nione."

"Mama Régis, mimi iko kazini."

"Na mimi iko kazini. Toa."

Sikutoa. Miaka miwili nilimkwepa kama mtu aliyeazima jembe la jirani akalivunja. Nilikuwa nalala nimeegemea mito mitatu, na nikiinama kufunga kamba za viatu naona nyota, lakini nilijiambia ni uzee. Mpaka siku moja kule Kagarama, nimefika pale patamu kabisa, nakaribia kumtaja babu wa bwana harusi, pumzi ikakata. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Msemaji wa upande wa pili, mtu asiye na adabu, akasema huenda mzee amesahau babu alilala wapi. Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani nikapita mlango wangu, nikabisha wa Mama Régis, nikafungua skafu bila kuambiwa.

Kilichonisukuma kuliko aibu ile ni Ihirwe. Ihirwe ni binti wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi tangu akiwa na miaka minne, na ananiita Papa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwita hivyo. Akiwa darasa la tatu nilimwahidi kwamba siku yake ikifika hatakodiwa msemaji, nitasema mwenyewe. Sasa siku ilikuwa imepangwa na kadi zimeshatoka. Zilibaki wiki tisa.

Mpasuaji alipatikana, daktari Norman, kijana aliyekulia Uganda, mwenye mikono mizuri na haraka nyingi. Hospitalini pale alikuwa anakuja Jumanne moja kila baada ya wiki tatu. Alinipa Jumanne iliyokuwa wiki tano kabla ya siku ya Ihirwe. Aliniambia sauti huenda ikakwaruza kwa muda, mwezi hivi, halafu itarudi. Nikahesabu kwenye vidole. Wiki tano zilinitosha kwa shida, na nikikosa Jumanne ile, ya pili ingeniachia wiki mbili tu. Ihirwe angesemewa na mtu wa kukodi mimi nimekaa pembeni nanong'ona. Wazo hilo lilinitia hasira hata kabla halijatokea.

Niseme sasa jambo la ile mashine. Miaka mitatu iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, Mama Régis alipelekwa kwenye mafunzo ya siku tano. Walifundishwa kutumia ekografi, ambayo vijana waliosomea Kampala wanaiita ultrasaundi, kutazama shingo na tumbo la mgonjwa palepale kitandani kabla ya kumlaza. Sisi wote tunaijua ekografi kuwa ni mashine ya wajawazito. Kwa hiyo alipoanza kuzunguka wodini na kile kimashine chake, skrini yake ndogo kama kitabu cha misa, wenzake walimuuliza kama kwa umri ule bado anatafuta mtoto, tena shingoni mwa wanaume. Aliwaacha wacheke. Akitoka zamu alikuwa anajifungia kwenye chumba cha wafanyakazi, anakunywa glasi ya maji, anajipaka jeli juu ya kitovu, anajitazama. Kesho yake uji. Keshokutwa chai. Kila kitu alikichora kwenye daftari. Régis, mwanawe, mtu mzima anayeuza vipuri vya pikipiki, aliniambia kuna wiki mama yake alikunywa maziwa kila siku kwenye baa ya maziwa iliyo karibu na hospitali, halafu anarudi mbio kabla hayajashuka. Na sisi wa mtaani hatukusalimika. Shingo yangu ilikataa, lakini fundi cherehani, mlinzi wa benki na shemeji yangu wote wamepakwa jeli.

Jumatatu jioni nikalazwa. Nesi akaniambia nisile chochote kuanzia saa sita usiku. Nikasema sawa. Wa kunihudumia alikuwa dada yangu mkubwa, Mukankusi, mwenye miaka sabini na mmoja, aliyetoka kijijini na mkeka wake na chupa ya chai.

Ndani ya chupa haikuwa chai. Saa kumi na moja alfajiri alinigusa bega, akanimiminia maziwa kikombe kizima, ya moto, ya ng'ombe wake mwenyewe. Akasema mtu hapelekwi kwenye visu na tumbo la baridi. Sasa nawaomba mnielewe. Kwetu maziwa hayako kwenye fungu la chakula. Mtu anaweza kukuambia hajala tangu jana huku ana povu la maziwa kwenye masharubu, na hatuoni kwamba amedanganya. Tena maziwa ya dada mkubwa hayakataliwi, hasa siku ya hatari. Nilikunywa. Akanimiminia tena, nikanywa tena. Nikisema kweli, kikombe cha pili kilinitia wasiwasi kidogo, lakini kilikuwa kitamu.

Saa moja asubuhi Mama Régis akaja. Mtaani ni mwanamke mwembamba anayetembea haraka, lakini mle ndani na kofia ile ya kijani alionekana mrefu zaidi. Hakunisalimia kama jirani.

"Muzee, umekula nini tangu jana?"

"Sijakula kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Muulize dada yangu."

Dada akasema, "Hajakula, mwanangu. Nimelala hapa chini yake."

Nesi alikuwa ameshaandika hivyo hivyo. Mama Régis angeweza kwenda zake. Badala yake akaniinua shati, akanipaka jeli ya baridi chini ya mbavu, akaweka kile kichwa cha mashine kinachofanana na mashine ya kunyolea. Akakitembeza polepole, akakiinamisha. Halafu akaniambia nilale ubavu wa kulia, akaweka tena.

"Iko nini humu ndani?" akauliza.

"Njaa," nikasema.

"Hapana. Njaa naijua. Hii ni maziwa."

Hakukisia. Alisema maziwa, si uji, si chai. Nilitazama dari. Dada Mukankusi, ambaye hajui kusema uongo akiulizwa moja kwa moja, akasema kwani maziwa nayo ni chakula.

Daktari Norman aliitwa. Akaja na glavu mkononi, akasikiliza, akatazama saa. "Madamu Joselyne, mimi niko na safari ya Musanze saa nane. Huyu ni wa kwanza kwenye listi. Ni kikombe cha maziwa tu, bwana. Mlaze haraka, weka mpira wa kupumulia, tumalize."

"Ni vikombe viwili," akasema Mama Régis. Sijui alijuaje, na mpaka leo hajaniambia. "Nikimlaza sasa, koo linalegea, maziwa inapanda, inaingia kwenye mapafu. Na hii shingo haitanipa nafasi ya kufanya haraka. Simulazi."

"Basi tumrudishe nyumbani. Aje baada ya wiki tatu."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilikaa kitandani na tumbo langu lenye jeli, nikamwambia Mama Régis maneno ambayo msemaji wa heshima hapaswi kuyasema. Nilimwambia ananikomoa kwa sababu ya skafu. Nilimwambia arudishe mashine yake kwa wajawazito iliko kazi yake. Nilimwambia Ihirwe akisemewa na mtu baki, dhambi hiyo itakuwa yake, na anaweza kuja kwenye sherehe aone matunda yake. Wodi nzima ilinyamaza kusikiliza, na lazima nikiri kwamba hata katika hasira nilifurahi kuona sauti inafika mpaka dirishani.

Alinisubiri nimalize. Nilikuwa nahema vibaya, na yeye macho yake yalikuwa pale pale, shingoni. Kisha akamgeukia Norman.

"Daktari, una wagonjwa wawili wa henia. Tanguliza hao. Huyu awe wa mwisho. Nitamuangalia tena saa saba. Tumbo ikiwa tupu, tunafanya. Ikiwa bado, mimi mwenyewe nitamwambia aende nyumbani."

"Na Musanze yangu?"

"Musanze haihami."

Norman akacheka bila kutaka, akaenda zake. Dada yangu naye alikuwa amekunja uso, ameketi kwenye mkeka wake amempa kila mtu mgongo. Maziwa ya ng'ombe wake yametajwa mbele ya wagonjwa wote wale kama sumu. Mama Régis akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili kama inavyotakiwa kumshika mtu mzima, akamwomba aje atazame. Akanipaka jeli tena, akamwonyesha kwenye skrini kitu cha mviringo kilichojaa vitone vyeupe.

"Hayo ndiyo yangu?" akauliza dada.

"Ndiyo yako, mama. Imetulia vizuri. Tunangojea tu ishuke."

Dada alitazama muda mrefu, halafu akaniambia bila kucheka kwamba ng'ombe yule hajawahi kumwangusha. Kuanzia hapo akawa mlinzi wangu. Hata maji ya kusukutua aliyakalia.

Nilishinda na njaa na hasira mpaka mchana. Kati ya henia ya kwanza na ya pili Mama Régis alirudi, akavuta kiti. Safari hii alianza na shingo. Kichwa cha mashine kilipita kwenye rovu kama mtu anayepapasa kitu gizani, na akanigeuzia skrini nione. Sikuona kitu isipokuwa mawingu. Akanionyesha kwa kalamu. Pale katikati panapotakiwa kuwa na njia ya hewa, hapakuwa na kitu. Njia yangu ilikuwa imesukumwa kushoto na rovu, tena imebanwa, imekuwa bapa kama mrija wa soda uliokaliwa.

"Kwa nje haionekani," nikamwambia.

"Kwa nje haionekani kitu. Ndiyo maana naangalia."

Halafu akasema jambo ambalo hakuwa ameniambia kwa miaka kumi na tisa ya ujirani. Zamani, alisema, kabla ya mashine hii, kulikuwa na mama mmoja mwenye rovu kama langu. Alimtazama mdomo, akamtazama kidevu, kila kitu kizuri. Akamlaza. Mpira haukupita. Ilibidi wakate mbele ya koo kuruhusu hewa, na mle kwenye uvimbe vidole vyao havikupata mahali pa kukata. Aliitaja saa aliyokata roho. Alinitajia jina la yule mama, na jina la mume wake, na kwamba mume alimshukuru kwa kujitahidi. Alikuwa anafuta jeli shingoni mwangu alipokuwa akisema hivyo, na alifuta zaidi ya ilivyohitajika. Nikaelewa kwa nini utani wa mtaani haumchekeshi, na niliona aibu kwa maneno yangu ya asubuhi, lakini sikuwahi kuwa hodari wa kuomba radhi. Nilimuuliza tu tutafanyaje.

Akachukua kalamu ya wino wa zambarau, akatafuta kwa mashine, akachora mstari mfupi kwenye ngozi yangu, pembeni kabisa, mahali ambapo mimi nisingedhani koo lipo. "Hii ni ya siku mbaya," akasema. "Ikiwa vyote vinakataa, tunakata hapa. Sasa najua ni wapi. Lakini hatutafika huko, kwa sababu sitakulaza."

"Nipasuliwe nikiwa macho?"

"Nitaweka mpira ukiwa macho. Ukiwa macho, koo yako inajishikilia yenyewe. Ukilala, inajifunga. Nikishaweka, ndiyo ulale."

Nilisema sitaki. Nilisema mambo mengi. Akasikiliza kwa subira ya mtu ambaye henia ya pili inamsubiri, akaniuliza kama nataka kusema siku ya Ihirwe au nataka kusema sasa hivi. Nikasema siku ya Ihirwe.

Saa saba kasoro robo akatazama tumbo. Lilikuwa limesinyaa, halina kitu. Akamwita dada aone nafasi yalipokuwa maziwa yake, na dada akatikisa kichwa kwa heshima. Norman aliingia akakuta wanawake wawili wameinamia kitovu changu. Akasema, "Haya, twende," na akampigia mtu simu kumwambia atachelewa.

Chumba cha upasuaji kina baridi. Walinikalisha nimeinuka, hawakunilaza chali. Mama Régis alinipulizia kooni dawa ya ganzi, chungu kama shubiri, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ulimi ukawa wa mtu mwingine. Alikuwa na mpira mwembamba wenye kamera kwenye ncha. Akasimama mbele yangu, si nyuma, ili nimwone.

"Muzee Cyriaque, nisikilize. Utaniambia maneno ya siku ya Ihirwe. Anza mwanzo, usisimame. Mpira ukifika kwenye njia ya hewa, sauti itakatika. Utasema na hakuna kitu itatoka. Usiogope. Hiyo ndiyo alama nangojea. Sauti ikikatika, ujue uko salama."

Sijawahi kuambiwa neno gumu kama hilo. Maisha yangu yote sauti ikikatika ndiyo maafa. Kule Kagarama ilikatika, na hakuna usiku niliolala bila kuikumbuka.

Nikaanza. Niliwasalimu wageni wa upande wa bwana harusi. Niliwauliza wametoka wapi na vumbi lote lile viatuni. Maneno yalitoka yamelewa kwa sababu ya ganzi, lakini yalitoka. Mpira ulikuwa unashuka, nausikia unasukuma bila kuuma. Norman alikuwa amesimama pembeni na kisu tayari, anatazama ule mstari wa zambarau. Nikasema kwamba binti wanayemtafuta hatumjui. Nikasema tuna mabinti wengi. Nikasema huyu mnayemtaja alikuja kwangu na miaka minne, akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, na mimi

Hapo sauti ikakatika.

Nilisukuma pumzi, midomo ikacheza, hakuna kitu. Hofu ilinipanda kutoka miguuni. Nilimtazama Mama Régis, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuwa anatazama shingo. Alikuwa ananitazama machoni. Akasema, "Uko ndani. Umefanya vizuri. Sasa lala."

Niliamka na uso wa Mama Régis ukiwa juu yangu, mpira umeshatoka. Koo lilikuwa linawaka. Shingoni kulikuwa na bandeji na wepesi wa ajabu, kama mtu aliyetua mzigo na bado anatembea ameinama. Norman alikuwa ameshaondoka kwenda Musanze.

"Sema kitu," akaniambia.

Nikakaa kimya.

"Muzee, sema jina lako."

Mimi, ambaye hakuna mtu Nyamirambo amewahi kufanikiwa kuninyamazisha, nilifunga mdomo. Niliogopa kufungua na kukuta hakuna kitu. Nilifikiri, nikikaa kimya, angalau sitajua. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kuandika hivyo. Mama Régis hakuniharakisha. Alikaa pale pembeni amenishika mkono.

"Ihirwe yuko nyuma ya mlango," akasema. "Mwite."

Nikamwita. Ilitoka sauti ya chini, imekwaruza, kama ya mtu mzima sana. Lakini ilikuwa jina lake, na mlango ulifunguliwa kabla sijamaliza.

Wiki tano zikapita. Siku ya kuomba ilipofika nilikuwa sijarudisha sauti yote. Nilipata kama nusu. Nilikata utani, nikakata mababu wawili, nikasema kwa ufupi, na watu walilazimika kunyamaza ili wanisikie, jambo ambalo halijawahi kunitokea katika kazi hii. Msemaji wa upande wa pili alijaribu kunichokoza, akaona hana wa kushindana naye, akaanza naye kusema polepole.

Kuna mahali kwenye gusaba msemaji wa upande wa binti anasimamisha ukoo, mmoja mmoja, ili wageni wajue wanaoa kwa nani. Nilimsimamisha dada Mukankusi. Niliwasimamisha wajomba. Nilitaja jina la marehemu kaka yangu. Kisha nikatazama nyuma, kwenye viti vya majirani, alikokuwa amekaa Mama Régis na kitenge chake cha bluu, anachunguza kidevu cha bwana harusi.

"Na yule ni Joselyne," nikasema, "shangazi wa Ihirwe, dada yetu."

Alitazama kulia na kushoto. Mtu aliyekaa karibu naye akamgusa kiwiko. Akasimama polepole, akaweka mkono kifuani, akainama kwa wageni kama wengine walivyoinama. Wageni wakampigia makofi kama walivyowapigia wajomba, kwa kuwa hawakujua lolote. Nilipojaribu kuendelea sikuweza, maneno yalikataa, na safari hii haikuwa pumzi. Mama Régis alikuwa bado amesimama, ananitazama machoni, anangojea nimalize.